Kuwafundisha Watoto wa Shule ya Msingi Jinsi Hadithi Fupi Inavyosukwa

Waulize watoto wa darasa la tano hadithi fupi ina nini, watakujibu kwa sauti moja: wahusika, mandhari, msuko, dhamira. Wamekariri vizuri. Sasa wasomee hadithi ya ukurasa mmoja uwaulize kwa nini mwisho wake umewashtua, uone watakavyotazamana. Majina wanayo, ila hawajaona vitu hivyo vikishirikiana. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Mtoto aone kwanza kwamba hadithi inasukumwa na mtu anayetaka kitu na kizuizi kinachomzuia asikipate. Istilahi zije nyuma, moja moja, kila moja itaje jambo ambalo mtoto ameshalihisi mwenyewe.

Hatua hizi zinawafaa watoto wa miaka 8 hadi 12. Zigawe katika vipindi vitano au sita, na hatua ya nne uipe muda wa kutosha kuliko zote.

Hatua ya 1: Chagua hadithi fupi kuliko unavyodhani inafaa

Mwaka 1842 Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, aliandika kwamba nguvu ya masimulizi mafupi inatokana na kusomeka kwa mkao mmoja, msomaji asikatizwe na lolote mpaka apate ile athari moja iliyokusudiwa. Poe alikuwa na wasomaji wazima. Kwa mtoto, mkao mmoja ni dakika tatu hadi tano. Hadithi ya kurasa nane inaweza kuwa tamu sana, lakini haifai kufundishia muundo, maana mtoto akifika mwisho ameshasahau mwanzo ulikuwaje, na wewe unataka auone mwanzo na mwisho kwa pamoja.

Tafuta yenye mhusika mkuu mmoja, tukio moja na muda mfupi. Mwisho wake usiwe rahisi kubashiri, ila ukishaufikia uone kwamba ulikuwa ukiandaliwa tangu juu. Ukikosa, tunga mwenyewe. Hii nimeitunga kwa ajili ya mwongozo huu, na ndiyo tutakayoifanyia kazi:

*Bibi alikuwa amesinzia kitini, miwani yake iko juu ya gazeti mapajani. Salma aliichukua polepole, akaivaa, akaenda kujitazama kwenye kioo. Alipoinamisha kichwa, miwani iliteleza ikaanguka sakafuni, mkono wake mmoja ukakatika. Salma alitaka kuitengeneza kabla Bibi hajaamka. Alipaka gundi, lakini gundi haikushika. Akachukua uzi akauzungusha mara tatu, lakini fundo likafunguka. Bibi akajigeuza kitini. Salma akafungua mkoba wa Bibi kutafuta plasta. Ndani alikuta miwani nyingine, kuukuu, mkono wake umefungwa kwa uzi mwekundu uliofifia.*

*"Hiyo aliivunja mama yako," sauti ikasema nyuma yake, "alipokuwa na umri kama wako. Lete huo uzi nikuonyeshe fundo lisilofunguka."*

Haifiki maneno 120, na kila kinachohitajika kimo.

Hatua ya 2: Isome kwa sauti, usimame mara moja tu

Usianze kwa kueleza hadithi inahusu nini. Usiandike msamiati ubaoni. Soma tu, kwa sauti ya mtu anayesimulia, polepole. Ukifika pale Salma anapofungua mkoba "kutafuta plasta", simama. Uliza maswali mawili: ndani ya mkoba mna nini, na Bibi atafanya nini? Andika ubaoni majibu matatu au manne kama yalivyosemwa, bila kusifu wala kukosoa. Kisha malizia.

Watoto wengi hubashiri adhabu: Bibi ataamka na kumchapa, au Salma atakimbia. Majibu hayo yaache ubaoni, yatakufaa baadaye. Kwa sasa waambie kwamba ile hamu waliyokuwa nayo uliposimama ina jina, nayo ni taharuki. Hiyo ndiyo istilahi ya kwanza, na wameipata wakiwa bado wanaihisi.

Halafu watafute ilikotoka. Waache wapekue hadithi wenyewe mpaka waone maneno matatu: "kabla Bibi hajaamka". Soma tena sehemu hiyo ukiyaacha maneno hayo: *Salma alitaka kuitengeneza. Alipaka gundi, lakini gundi haikushika.* Uliza nani bado ana wasiwasi. Wasiwasi umepungua, na darasa zima litakuwa limeona jinsi maneno matatu yanavyoweza kumnyima msomaji utulivu. Mtoto akishaona hivyo kwa macho yake, atakuwa mwangalifu zaidi na maneno anapoandika.

Hatua ya 3: Maswali manne, na hasa lile la pili

Andika ubaoni, uyaache hapo kwa wiki nzima:

Ni nani?
Anataka nini?
Nini kinamzuia?
Mwishoni kimebadilika nini?

La kwanza ni jepesi. La pili ndilo linalowashinda wengi, wakubwa kwa wadogo. Mtoto atasema, "Anataka miwani." Usimkatae, msogeze mbele: miwani anayo mkononi, sasa anaitakia nini? "Anataka kuitengeneza." Kwa nini asingoje Bibi aamke ndiyo waitengeneze pamoja? Hapo darasa hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema, "Anataka Bibi asijue." Umefika. Sasa wana matakwa mawili, moja la juu linaloonekana kwa vitendo na jingine la ndani ambalo Salma hajalitamka hata mara moja. Watoto wa miaka 8 watosheke na la juu. Wa miaka 11 wanaweza kuyabeba yote mawili.

Swali la tatu lina majibu zaidi ya moja: gundi, fundo, muda unaoyoyoma, na woga wa Salma mwenyewe. Ndipo ulete neno mgogoro. Sisitiza kwamba mgogoro si lazima uwe ugomvi. Katika hadithi hii hakuna aliyegombana na mwenzake, na bado kuna mvutano kutoka juu hadi chini. Watoto wasipoelewa jambo hili, kila hadithi watakayoandika itakuwa na watu wanaopigana.

Kwa swali la nne, waulize kama Salma amepata alichotaka. Wagawanyike pande mbili wajibizane. Wanaosema ndiyo wana hoja, maana miwani itatengenezwa. Wanaosema hapana nao wana hoja, maana Bibi amejua. Acha waone wenyewe kwamba alichokosa kimempatia kitu kizuri kuliko alichokitafuta. Mwalimu akitangulia kulisema hilo, amewanyang'anya raha ya kuligundua.

Hatua ya 4: Kata hadithi vipande

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Andika kila sentensi ya hadithi kwenye kipande chake cha karatasi, changanya, upe kila kundi la watoto wanne seti moja. Darasa likiwa kubwa na karatasi ni chache, andika vipande vikubwa ubandike ubaoni, watoto waje kuvihamisha kwa zamu. Kazi ya kwanza ni kuvipanga. Wengi wataweza, wakiongozwa na viungo kama "hiyo" na "nyingine". Waulize ni neno gani limewaonyesha mahali pa kila kipande.

Kazi ya pili ndiyo muhimu. Wape kadi ndogo zilizoandikwa "kwa hiyo", "lakini" na "halafu". Kati ya kila vipande viwili waweke kadi moja, kisha wasome kwa sauti:

*Gundi haikushika, kwa hiyo akachukua uzi. Akauzungusha mara tatu, lakini fundo likafunguka. Bibi akajigeuza, kwa hiyo Salma akafungua mkoba.*

Waeleze kwamba "kwa hiyo" na "lakini" zinaonyesha tukio moja limezaa jingine au limelizuia. "Halafu" inaonyesha tu kwamba moja limekuja nyuma ya jingine. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alipoandika kuhusu visa vya maigizo: kutokea *kwa sababu* ya jambo na kutokea *baada* ya jambo ni vitu viwili vilivyo mbali sana. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuielewa tofauti hiyo akiwa na kadi mkononi, na akiielewa ameshaelewa msuko ni nini. Istilahi yenyewe mpe sasa.

Kutakuwa na mabishano kuhusu kipande kinachosema *Bibi akajigeuza kitini*. Kabla yake inakaa "halafu" tu, maana kujigeuza kwa Bibi hakukusababishwa na fundo. Usikimbilie kusema ni kosa. Waulize hadithi ingekuwaje bila kipande hicho. Wataona kwamba kinambana Salma, kinamfanya aache kujaribu polepole na kuvamia mkoba. "Halafu" moja mahali pazuri haiharibu kitu. Zikiwa nane mfululizo, hapo hakuna hadithi, kuna orodha ya mambo ya siku nzima.

Kazi ya tatu ni kuondoa. Kila kundi litoe kipande kimoja na kusoma kilichobaki. Wakiondoa gundi, hadithi inasimama, ila imepungua. Wakiondoa uzi, mwisho unaanguka: Bibi anasema "lete huo uzi", uzi gani? Na ule uzi mwekundu kwenye miwani kuukuu unabaki hauna maana. Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, alisema katika barua ya mwaka 1889 kwamba haifai kuweka jukwaani bunduki yenye risasi ikiwa hakuna anayekusudia kuifyatua. Watoto wafundishe pia upande wa pili wa shauri hilo: kitu kitakachotumika mwishoni, msomaji awe amekiona mapema.

Kabla ya kutoka kwenye hatua hii, neno kuhusu ule mchoro wa mlima uliomo katika vitabu vingi: mwanzo, kupanda, kilele, kushuka, mwisho. Unatokana na Gustav Freytag, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1863 akichambua tamthilia za tanzia, yaani zenye mwisho wa huzuni, zilizo na sehemu tano. Hadithi fupi nyingi hazina upande wa kushuka, kilele chake kiko mlangoni pa mwisho. Kwa hiyo usianze na mchoro ukilazimisha hadithi iuingie. Mwambie kila mtoto achore mstari wake mwenyewe, unaopanda kila moyo wake ulipodunda na kushuka ulipotulia, kipande kwa kipande. Kisha walinganishe. Michoro haitafanana kabisa, na mazungumzo ya kwa nini haifanani ni somo zima.

Hatua ya 5: Mhusika na ushahidi wake

Watoto hupenda kutaja sifa: Salma ni mtundu, Bibi ni mpole. Weka sharti moja na usilegeze: kila sifa iletwe na mstari wake. Bibi ni mpole, mstari upi umekuambia? Neno "mpole" halimo popote. Watarudi kwenye hadithi na kukuta kwamba Bibi hakuuliza nani amevunja, alitaja kosa la mtu mwingine, akaomba uzi. Hapo wanaona kwamba mwandishi amempa Bibi la kusema na la kufanya, akaiacha sifa tuitoe sisi.

Zoezi zuri la hapa ni kuigiza mwisho tu, watoto watatu kwa zamu, kila mmoja akiyasema maneno ya Bibi kwa namna yake: kwa hasira, kwa kicheko, kwa unyonge. Maneno ni yale yale. Darasa liamue ni namna ipi inakubaliana na "fundo lisilofunguka".

Hatua ya 6: Mandhari, kwa ufupi

Usipoteze kipindi kizima hapa. Waulize hadithi inatokea wapi na lini, wataona kwamba hatukuambiwa hata rangi ya ukuta. Tumepewa kiti, gazeti, kioo na mkoba, na karibu kila kimoja kina kazi. Waulize hadithi hii hii ingekuwaje kama ingetokea ndani ya basi lililojaa watu. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 7: Nani anasimulia?

Mpe mtoto mmoja awe Bibi, asimulie upya kwa nafsi ya kwanza, akianza: "Nilikuwa nimesinzia kitini..." Atakwama mapema sana. Kama Bibi amelala, amejuaje kwamba Salma alikwenda kwenye kioo? Swali hilo likitoka kwa mtoto mwenyewe, msifu sana, maana amegusa kiini cha usimulizi: msimulizi anaweza kutuambia anachokijua tu.

Njia moja ya kutoka ni kwamba Bibi hakuwa amelala. Alikuwa amefumba macho akimsikiliza mjukuu wake tangu miwani ilipoanguka. Hadithi inageuka mara moja. Wasiwasi wetu wa "kabla hajaamka" unatoweka, na mahali pake linakuja swali jipya: atanyamaza mpaka lini? Waandike matoleo hayo mawili, aya moja moja, wasomeane. Wengine watapenda la Salma, wengine la Bibi. Wape muda wa kueleza kwa nini.

Hatua ya 8: Dhamira, na swali la kuepuka

Kuna swali lililozoeleka mno madarasani: hadithi hii inatufundisha nini? Ukiliuliza, utajibiwa kwamba tusichukue vitu vya watu bila ruhusa. Jibu hilo ni adabu njema, lakini mtoto anaweza kulitoa bila kufika mwisho wa hadithi, na ule mwisho wote wa uzi na mama yake Salma unabaki umepotea bure. Swali hilo linafaa ngano na hekaya, ambazo mara nyingi zimejengwa kuelekea funzo. Hadithi fupi mara nyingi humwachia msomaji jambo la kufikiria bila kulitamka.

Uliza hivi badala yake: kwa nini Bibi alikuwa bado ameitunza ile miwani kuukuu? Hadithi haijibu. Watoto watajibu, na dhamira itatokea katika majibu yao: kwamba alimkumbuka binti yake, kwamba kosa lililosamehewa linaweza kugeuka kumbukumbu, kwamba hata mama alikuwa mtoto. Pokea zaidi ya jibu moja, kwa sharti lile lile la ushahidi. Sasa warudishe kwenye ule ubashiri wa adhabu ulioachwa ubaoni, wauone ulivyo mbali na mwisho halisi.

Hatua ya 9: Waandike

Usimwambie mtoto "andika hadithi" halafu ukaketi. Anza kwa kubadilisha kitu kimoja katika hadithi wanayoijua. Badili kilichovunjika. Badili Bibi awe mwalimu mkali. Badili mwisho, ila uzi ubaki. Wakishazoea, wajaze sentensi hii kabla ya kuandika hadithi yao: *Fulani anataka ____, lakini ____, kwa hiyo ____.* Asiyeweza kuijaza bado hajapata hadithi, msaidie kwa mazungumzo kabla hajashika kalamu.

Weka mipaka: wahusika wasizidi watatu, tukio moja, nusu ukurasa. Mipaka huwapunguzia watoto mzigo, na wengi huandika vizuri zaidi ndani yake.

Kuna mambo utayakuta katika rasimu nyingi. La kwanza ni mwanzo wa mbali: *Siku moja Juma aliamka, akapiga mswaki, akanywa chai, akavaa sare, akaenda shule. Alipofika akakuta daftari lake halimo mkobani.* Mwombe apigie mstari sentensi ambapo mambo yanaanza kuharibika, kisha afute yote ya juu yake. Hadithi inaanza na daftari lisiloonekana, na hakuna kilichopotea. Kwa sababu hiyo hiyo, "Hapo zamani za kale" waiachie ngano.

La pili ni mwisho wa "kumbe ilikuwa ndoto", na ndugu yake, kifo cha ghafla cha mhusika. Mtoto hutumia miisho hii akiwa hajui atokeje. Mrudishe katikati ya hadithi yake atafute kitu ambacho tayari kimo, kamba, rafiki, neno lililosemwa, ajaribu kukitumia kumalizia. Mara nyingi kipo.

Na kwa mtoto ambaye mkono wake bado ni mzito kuandika, mwache asimulie, wewe au mwenzake aandike. Kusuka visa na kuandika herufi ni kazi mbili tofauti, na wako watoto hodari wa kusimulia wanaodhaniwa hawawezi kwa sababu ya mwandiko tu.

Hatua ya 10: Kusahihisha

Soma rasimu nzima bila kalamu mkononi. Kisha iulize yale maswali manne ya ubaoni, uandike pembeni maoni mawili tu: mahali pamoja palipokushika, ukipataja kwa maneno yake mwenyewe, na swali moja litakalomfanya aandike tena, kwa mfano, "Kwa nini Juma hakumwambia mwalimu?" Tahajia na alama za uandishi zingoje rasimu ya pili. Daftari likirudi limejaa wekundu, mtoto ataandika hadithi fupi zaidi safari ijayo ili apate makosa machache.

Rasimu ya pili ikishasahihishwa, wasomee wenzao wa darasa la chini, wasimame mara moja kabla ya mwisho na kuuliza, "Unadhani itakuwaje?" Mwandishi abaki na karatasi yake mkononi, asikilize majibu, ndipo aendelee.